Nani Amwone Akimeza? Kisa cha Mpango wa Kifua Kikuu Tanzania

Fungua rejesta ya kifua kikuu ya wilaya, lile daftari pana linalojaza meza nzima. Kila mgonjwa ana mstari wake mmoja. Kushoto kuna namba, jina, umri, kijiji na kituo anachochukulia dawa. Katikati kuna majibu ya makohozi: ya siku alipogundulika, ya mwezi wa pili, ya mwezi wa tano, ya mwisho wa dozi. Kulia kabisa kuna sehemu ya matokeo, na hapo mratibu hana budi kuandika moja kati ya haya: amepona, amemaliza dawa, dawa zimeshindwa, amefariki, ametoroka, amehamia kwingine. Mstari ukishaandikwa haufutiki. Mtu aliyekunywa dawa wiki moja akatokomea Tunduma anabaki humo, na wilaya inadaiwa jibu lake.

Watanzania wengi wamewahi kuliona daftari hilo likiwa juu ya meza ya muuguzi, na wachache wanajua kwamba limetoka kwetu likazunguka dunia. Namna ya kutibu kifua kikuu ambayo tangu miaka ya 1990 imefundishwa kuanzia Peru hadi China ilijaribiwa kwanza kwa upana wa nchi nzima Tanzania bara. Kisa hiki nakisimulia kwa kufuata swali moja tu, kwa sababu naona ndilo lililobeba mengine yote: mgonjwa ameze dawa wapi, na mbele ya nani? Mpango umelijibu mara tatu au nne tangu 1977. Kila jibu lilikuwa na akili yake wakati linatolewa, na kila jibu lilimpelekea mtu mwingine gharama.

Mwaka 1977 nchi ilikuwa na miaka kumi tangu Azimio la Arusha. Zahanati zilikuwa zinajengwa vijijini kwa kasi, na hospitali za misheni zilikuwa tayari zinahudumia wilaya nyingi. Dawa za kifua kikuu zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kujua kama zimemezwa. Dozi ya wakati huo ilichukua miezi 12: sindano za streptomaisini za kila siku kwa miezi miwili pamoja na vidonge, halafu miezi kumi ya vidonge vya isoniazidi na thiasetazoni nyumbani. Mgonjwa wa kifua kikuu huanza kujisikia nafuu mapema mno kwa faida yake. Baada ya wiki chache homa ya jioni inakoma, jasho la usiku linakauka, hamu ya kula inarudi, na kikohozi kinapungua. Mkulima aliyefikia hapo mwezi wa Novemba, mvua zikinukia, umwambie aendelee kufuata vidonge mjini hadi Septemba? Wengi waliacha. Takriban nusu tu ya walioanza ndio waliothibitika kupona.

Wizara ya Afya ikaanzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Kuyaunganisha magonjwa hayo mawili kulikuwa na sababu za msingi. Ukoma nao hutibiwa kwa vidonge vya miezi mingi, nao hufichwa, na tayari ulikuwa na watumishi waliozoea kuwafuata wagonjwa vijijini kwa pikipiki na baiskeli. Wataalamu walitoka kwenye umoja wa kimataifa wa kupambana na kifua kikuu wenye makao yake Paris, na misaada ikatoka Uswisi, Uholanzi na kwa chama cha Kijerumani cha kusaidia wagonjwa wa ukoma. Mshauri mkuu alikuwa Karel Styblo, daktari Mcheki aliyenusurika kambi ya Wanazi ya Mauthausen na ambaye mwenyewe aliwahi kuugua kifua kikuu. Upande wa Tanzania, jina linaloonekana kwenye taarifa za miaka ile ni la Dk. H. J. Chum.

Walichokiunda kilikuwa kidogo kuliko mtu anavyodhani. Hawakujenga hospitali za kifua kikuu wala hawakuajiri jeshi la madaktari. Mgonjwa aliendelea kuonwa na mganga yuleyule wa zahanati na muuguzi yuleyule wa hospitali ya wilaya, awe wa serikali au wa misheni. Kilichoongezwa ni uti wa mgongo: kitengo kidogo wizarani, mratibu katika kila mkoa, na mratibu katika kila wilaya. Huyu wa wilaya ndiye mhimili. Mara nyingi hakuwa daktari. Alikuwa mtumishi wa afya mwenye pikipiki, boksi la dawa, vikopo vya makohozi na daftari. Kazi yake ni kuzunguka vituoni, kulinganisha kadi za wagonjwa na rejesta, kuangalia kama maabara ina rangi na kama vioo vya makohozi vinasomwa sawasawa, kuhesabu vidonge, na kuuliza: huyu wa mstari wa 17 mbona hajaonekana?

Utambuzi nao ulifanywa kwa kifaa ambacho hospitali ya wilaya ingeweza kukimiliki, yaani hadubini. Makohozi hupakwa kwenye kioo, hupashwa moto na rangi nyekundu, huoshwa kwa asidi, kisha hupakwa buluu. Bakteria wa kifua kikuu hung'ang'ania wekundu wao, na mtaalamu wa maabara huwaona kama vijiti vyekundu kwenye uwanja wa buluu. Njia hii huwakosa wagonjwa wengi, hasa watoto na wale wenye bakteria wachache, ila huwapata wale wanaoambukiza zaidi. Kwa nchi yenye fedha kidogo, kuanza na hao kulikuwa uamuzi wa maana.

Sasa tufike kwenye kitanda.

Dawa iliyokuja kugeuza mambo ni rifampisini. Miaka ya 1970 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, likishirikiana na hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, lilifanya majaribio yaliyoonyesha kwamba ukiwa na rifampisini dozi inaweza kufupishwa hadi miezi sita. Matokeo ya kwanza yalichapishwa 1972. Walioijibia dunia swali hilo ni wagonjwa wa Afrika Mashariki, lakini miaka ikapita dawa yenyewe ikibaki ghali mno kwa zahanati zao. Tena kulikuwa na hofu nyingine kubwa kuliko bei. Rifampisini ikimezwa ovyo, leo ndiyo kesho hapana, bakteria huizoea. Ikishazoeleka katika nchi, hakuna mbadala wa haraka.

Styblo na wenzake walipiga hesabu ya kijanja. Rifampisini ingetolewa kwa miezi miwili ya mwanzo tu, ikiambatana na streptomaisini, isoniazidi na pirazinamidi, na mgonjwa angelazwa wodini muda wote huo. Kila asubuhi muuguzi anampa, anamwona akimeza, anatia alama. Baada ya hapo anarudi nyumbani na miezi sita ya isoniazidi na thiasetazoni, zilizounganishwa katika kidonge kimoja cha bei ya chini. Hakuna kidonge cha rifampisini kinachovuka geti la hospitali. Mgonjwa akitoroka akiwa nyumbani, atakuwa amechezea dawa za bei nafuu, na ile ya thamani imebaki salama. Dozi hii ya miezi minane ilianza kutumika 1982.

Hapa kuna jambo ambalo maelezo mengi hulipita juu juu. Tangu 1959 utafiti wa Madras, India, ulikuwa umeshaonyesha kwamba mgonjwa anayetibiwa nyumbani hupona sawa na anayelazwa, na haambukizi familia yake zaidi. Waliopanga ratiba ya Tanzania walilijua hilo. Kwa hiyo wodi haikuwekwa kwa ajili ya mapafu ya mgonjwa. Kitanda kilikuwa cha kuilinda rifampisini, na mgonjwa alilazwa pamoja nayo kama mlinzi anavyokaa na ghala. Sisemi kwa kejeli. Kwa mtu anayeishi kilomita 40 kutoka kwenye sindano iliyo karibu, hakukuwa na njia nyingine ya kuipata kila siku. Lakini miezi miwili wodini ina maana ya ndugu wa kupika na kufua, mbuzi wa kuuzwa, na shamba linalolala. Gharama hiyo haikuonekana kwenye bajeti ya mpango.

Matokeo yalikuwa makubwa. Waliopona walipanda kutoka takriban nusu hadi karibu asilimia 80, kwa nchi nzima, katika miaka ambayo Tanzania ilikuwa inatoka vitani na Idi Amin na madukani hakuna sabuni.

Tunajuaje kwamba ni asilimia 80 kweli? Hapa narudi kwenye rejesta, kwani ndimo ulimo ufundi wenyewe. Tuseme wilaya imeandikisha wagonjwa wapya 40 kati ya Januari na Machi. Mwaka unaofuata, wote wakiwa wameshapata muda wa kumaliza dozi, mratibu anarudi kwenye kurasa zilezile na kuwahesabu. 31 wamepona. Watatu wamefariki. Wawili wamehama. Wanne wametoroka. Mkuu wa idara anayetaka kusifiwa atasema: waliomaliza safari ni 34, waliopona ni 31, kwa hiyo tumefaulu kwa asilimia 91. Mpango ulilikataa hesabu hilo. Mgawanyo unafanywa kwa 40, yaani wote walioandikwa siku ya kwanza, na jibu ni asilimia 77 na nusu. Mtoro yumo. Marehemu yumo. Aliyehama yumo mpaka wilaya alikokwenda irudishe fomu yake.

Waliowahi kukaa kwenye vikao vya robo mwaka wanajua uzito wa jambo hili. Mratibu anakuja na daftari lake, mwenzake wa wilaya jirani na la kwake, na mratibu wa mkoa anayalinganisha mstari kwa mstari. Takwimu ya waliopona ikiwa nzuri mno, vioo vya maabara vinaombwa visomwe upya. Ikiwa mbaya, swali si nani wa kufukuzwa. Swali ni kituo gani, mwezi gani, kwa nini. Huduma nyingi za afya huhesabu dawa zilizotoka stoo. Mpango huu ulihesabu watu waliorudi wakiwa wazima, na huo ulikuwa mgeuko mkubwa wa fikra kuliko ule wa dawa. Hayo ni maoni yangu. Wenye fani watabishana.

Dunia ikasikia. Msumbiji, Malawi, Benin na Nicaragua ziliendesha mipango ya mtindo huohuo. Wachumi walipopiga hesabu za Malawi, Msumbiji na Tanzania walikuta kwamba kumtibu mgonjwa wa kifua kikuu ni miongoni mwa matumizi ya fedha za afya yenye faida kubwa kupita yote, na taarifa ya maendeleo ya Benki ya Dunia ya 1993 ikalibeba jambo hilo. Aprili mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likatangaza kifua kikuu kuwa dharura ya dunia. Kufikia 1995 mkakati ulikuwa umepewa jina, DOTS, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya dozi fupi inayosimamiwa ana kwa ana, na nguzo tano: utashi wa serikali, hadubini, dozi fupi ya kusimamiwa, dawa zisizokatika, na rejesta. Kwa bahati mbaya jina lenyewe lilisisitiza usimamizi, na kwa wengi DOTS ikawa ni kumkodolea macho mtu akimeza kidonge. Zile nguzo nyingine nne zikawa kama mapambo.

Wakati dunia inaipokea hiyo njia, nyumbani kwao ilikuwa inaanza kulemewa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera 1983. VVU huamsha bakteria wa kifua kikuu waliokuwa wamelala mwilini, na mtu ambaye angeishi nao maisha yake yote bila kuugua anaugua ndani ya miezi. Mwaka 1983 mpango uliandikisha wagonjwa 11,000 na ushei. Miaka ishirini baadaye ilikuwa zaidi ya 60,000 kwa mwaka. Rejesta ilifanya kazi yake kwa uaminifu ikarekodi gharika, na watu waliendelea kupona kwa viwango vya kuheshimika, lakini ugonjwa haukupungua. Hapa mpango ulionyesha mpaka wake: uliundwa kuwatibu wagonjwa, na sasa kirusi kilikuwa kinawatengeneza wagonjwa kwa kasi kuliko unavyotibu.

Na kitanda je? Fikiria wodi iliyojengewa idadi ya 1983 ikipokea watu wa 1998. Wawili kitandani, wengine kwenye mikeka chini. Humohumo yumo mwenye makohozi mabichi na mwenye VVU ambaye kikohozi chake kilikuwa cha kitu kingine kabisa. Sindano za kila siku zikaanza kuogopwa, na kwa haki. Thiasetazoni nayo ikageuka adui. Kwa wagonjwa wenye VVU ilisababisha ngozi kubabuka mwili mzima, mdomo na macho kuvimba, wengine wakafa kwa dawa badala ya ugonjwa. Utafiti uliofanyika Nairobi ulilionyesha hilo wazi 1991. Ethambutoli ikachukua nafasi ya thiasetazoni, na baadaye ya streptomaisini pia. Sindano ilipoondoka, sababu mojawapo ya kulaza watu iliondoka nayo.

Jibu la pili likawa kliniki: mgonjwa alale kwake, aje kituoni kila siku kwa miezi miwili kumeza mbele ya muuguzi. Kwenye karatasi linaonekana jepesi. Mchukue mama ntilie wa Mbagala. Chai na maandazi yake vinauzwa saa kumi na mbili asubuhi. Kliniki inafungua saa mbili, na foleni imeshafika nje. Akichagua kliniki, wateja wa asubuhi wanahamia kwa jirani na hawarudi. Akichagua wateja, muuguzi anaandika duara kwenye kadi, na duara zikizidi anaitwa mtoro. Dawa ni bure, imekuwa bure tangu mwanzo, hata baada ya hospitali za serikali kuanza kuchangisha 1993. Ila daladala haijawahi kuwa bure kwa mgonjwa yeyote, na kwenda na kurudi kila siku kwa siku sitini ni mtaji mzima wa biashara ya maandazi.

Tukiwa wakweli, usimamizi wenyewe ulishapoteza maana katika vituo vyenye msongamano. Muuguzi mmoja mwenye benchi la watu sitini na watoto wanaosubiri chanjo mlango wa pili haangalii koo la mtu. Anaweka vidonge kiganjani, anatia alama, anaita mwingine. Ile picha ya 1982, muuguzi na mgonjwa wakitazamana kwa nukta chache, ilihitaji wodi tulivu.

Vijijini tatizo lilikuwa na sura nyingine. Bonde la Kilombero, msimu wa mpunga, familia nzima huhama kijijini zikaenda kuishi kwenye vibanda vya shambani, ng'ambo ya mito inayofurika. Zahanati inabaki na waliozeeka. Kumwambia mgonjwa wa Kilombero aje zahanati kila siku mwezi wa Machi ni kumwambia achague kati ya mapafu na chakula cha mwaka mzima. Ndiko huko, pamoja na Temeke jijini, ambako watafiti walijaribu jambo ambalo familia nyingi zilikuwa zimeshaanza kulifanya kimyakimya. Wagonjwa waligawanywa kwa kura: baadhi wameze mbele ya muuguzi kituoni, baadhi mbele ya mtu wa jamii yao. Temeke watu hao walikuwa ndugu wa mgonjwa au watu waliowahi kuugua kifua kikuu wakapona. Matokeo ya Kilombero yalichapishwa 2003 na ya Temeke 2004. Waliopona pande zote mbili hawakupishana kwa kiasi cha kujali. Muuguzi hakuwa na jicho la pekee.

Wale waliopona nataka niseme neno juu yao. Temeke ndiko walikojikusanya wakaunda kikundi cha Mukikute, Mapambano ya Kifua Kikuu na UKIMWI Temeke, na kazi yao haikuishia kuhesabu vidonge. Mtu anayekuja mlangoni kwako akisema "mimi nilikuwa na kilo 38, leo nione" anafikisha ujumbe ambao bango la wizara haliwezi. Anajua kwamba mkojo utakuwa wa rangi ya machungwa na hupaswi kuogopa. Anajua kwamba vidonge juu ya tumbo tupu vinatapisha.

Mwaka 2006 mpango ulianza kutoa hiari. Mgonjwa akigundulika anaulizwa: unataka kumezea kituoni au nyumbani? Akichagua nyumbani, anataja msaidizi wa matibabu, mtu anayemwamini, ambaye anakuja kituoni kuelekezwa na jina lake linaandikwa kwenye kadi. Dawa za miezi miwili ya mwanzo zinachukuliwa mara moja kwa wiki. Wengi walichagua nyumbani, kama ulivyotarajia. Si wote. Wako waliochagua kituo kwa sababu nyumbani ndiko hasa walikokuwa wanauficha ugonjwa: mke aliyeolewa karibuni, mpangaji wa chumba kimoja anayeogopa kufukuzwa, mfanyakazi wa ndani. Ndiyo maana neno hiari lilikuwa na uzito wake.

Pamoja na hiyo hiari, ulinzi wa rifampisini uliondolewa. Jaribio la kimataifa lililochapishwa 2004 lilikuwa limeonyesha kwamba dozi ya miezi minane, ile isiyo na rifampisini katika miezi yake sita ya mwisho, ni dhaifu kuliko ya miezi sita yenye rifampisini mwanzo hadi mwisho. Tanzania ikahamia miezi sita, na dawa nne zikaunganishwa ndani ya kidonge kimoja. Ukikumbuka tulikotoka, ni hatua ya kushtua. Kidonge ambacho 1982 hakikuruhusiwa kuvuka geti sasa kinakaa kwenye kabati la vyombo kijijini, kikisimamiwa na binti wa darasa la saba.

Na hapo ndipo ankara ilipohamia. Msaidizi wa matibabu halipwi. Mara nyingi ni mke, mama au binti, na kazi yake imeongezwa juu ya zile alizokuwa nazo. Hospitali ilipumua, vitanda vikawa wazi, na uangalizi wa siku 180 ukaingia ndani ya nyumba bila mstari wa bajeti. Utafiti wa gharama uliofanyika Tanzania ulikuta kwamba karibu asilimia 45 ya kaya zenye mgonjwa wa kifua kikuu zilipoteza zaidi ya sehemu ya tano ya kipato chao cha mwaka kwa sababu ya ugonjwa huo, nauli, chakula na siku zisizo na kazi zikiwemo. Dawa bado ni bure.

Kuna udhaifu mwingine ambao rejesta isingeweza kuufichua kamwe: inawajua waliokuja tu. Mwaka 2012 nchi ilifanya uchunguzi wake wa kwanza wa kitaifa, timu zikazunguka vijijini na mitaani na mashine za eksirei kuwapima watu wazima. Walikuta karibu watu 300 wenye ugonjwa uliothibitika kwa kila watu wazima 100,000, zaidi ya ilivyodhaniwa. Miaka thelathini ya kuwafuatilia watoro mstari kwa mstari, na nje ya daftari kulikuwa na umati ambao haujawahi kuandikwa.

Kwa hiyo kazi ikageuka tena. Badala ya kumsubiri mkohozi aje, watumishi wa mapokezi wakafundishwa kumuuliza kila anayeingia kituoni, hata aliyekuja kwa jeraha la mguu, kama anakohoa. Wauza maduka ya dawa muhimu, ambao ndio mtu huwaendea kwanza kununua dawa ya kikohozi, wakapewa fomu za rufaa, na waganga wa tiba asili nao wakaingizwa. Morogoro, panya buku waliofunzwa Chuo Kikuu cha Sokoine hunusa makohozi ambayo hadubini imeyapitisha kuwa safi, na huwakuta wagonjwa waliokosewa. Mashine za kupima vinasaba vya bakteria zikasambazwa. Mwaka 2022 walioandikishwa walivuka 100,000, huku makadirio ya Shirika la Afya Duniani yakionyesha wagonjwa wapya wakipungua, kutoka kama 306 kwa kila watu 100,000 mwaka 2015 hadi chini ya 200. Waliogundulika wanaongezeka kwa sababu wanatafutwa, na wanaougua wanapungua.

Wakati huohuo ile hadithi ya kitanda ilijirudia, tena ndani ya miaka michache, kwa wagonjwa wa usugu wa dawa. Matibabu yao yalianza Novemba 2009 katika hospitali moja tu nchi nzima, Kibong'oto, wilayani Siha, sanatoriamu ya tangu 1926 iliyojengwa penye hewa ya baridi chini ya Kilimanjaro. Mgonjwa wa Mtwara au Kigoma alivuka nchi kwenda kulala huko miezi kadhaa, akichomwa sindano kila siku, dawa za thamani zikilindwa. Sababu zilikuwa zilezile za 1982. Foleni ikawa ndefu, wengine wakafa wakisubiri nafasi. Halafu likaja lilelile: huduma ikasambazwa mikoani na wilayani, vidonge vya bedakwilini vikaiondoa sindano, na mgonjwa akarudishwa karibu na kwake, na msaidizi wake, na kadi yake.

Majaribio ya karibuni ni ya kikasha cha dawa chenye chombo cha kielektroniki ndani yake. Mgonjwa akikifungua, taarifa inakwenda kwenye kompyuta ya kituo, na muuguzi anaona nukta ya kijani kwa siku hiyo. Siku isiyo na nukta, anampigia simu. Ni mkono mrefu kuliko ule wa muuguzi wa wodini, na hauchoki. Kinachofika kituoni ni kwamba kikasha kimefunguliwa saa moja na dakika kumi asubuhi. Nani alikifungua, na kama alikuwa ameshapata hata uji, bado inabidi mtu apande pikipiki aende kuuliza.